Maharage, Matunda na Mbegu Ziliwazo: Maandalizi Salama Nyumbani kwa Mgonjwa na kwa Mzima

Utangulizi

Mtaa wa Msimbazi unapita katikati ya eneo ambalo wakazi wa Dar es Salaam hununulia chakula chao kwa jumla na kwa rejareja. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini biashara ya chakula katika mitaa inayolizunguka haikusimama. Hapo hufika maharage ya nyanda za juu, karanga za Dodoma, ufuta, mbaazi na korosho za Lindi na Mtwara, machungwa ya Muheza na mananasi ya Kiwangwa. Si mbali na hapo, Upanga, ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mgonjwa aliyetoka kliniki asubuhi na ushauri wa kula vizuri anaweza kuwa sokoni mchana wa siku hiyo hiyo, akichagua kitakachoingia chunguni jioni.

Ushauri anaopewa mgonjwa mara nyingi hutaja jina la chakula peke yake: ale maharage, ale matunda, ale karanga. Jina halitoshi. Maharage yale yale yanaweza kumjenga mtu au kumtapisha, kwa kutegemea yalichemka kwa muda gani. Karanga zile zile zinaweza kuwa lishe ya mtoto au kumziba njia ya hewa. Ndizi inayomfaa mjamzito inaweza kuhatarisha moyo wa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka. Tofauti hiyo haionekani sokoni. Hutokea jikoni, na jikoni ndiko mhudumu wa afya asikofika.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:
1. Kueleza kwa nini maharage huchambuliwa, hulowekwa na kuchemshwa kwa nguvu.
2. Kutambua hatari ya sumukuvu katika karanga na mbegu nyingine, na njia za kuipunguza nyumbani.
3. Kuosha, kukata na kuhifadhi matunda bila kusambaza vimelea vya maradhi.
4. Kurekebisha maandalizi hayo kwa ajili ya mjamzito, mtoto mdogo, mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la juu la damu na wa figo.

Maharage: kwa nini moto haufanyiwi haraka

Maharage makavu yana protini, nyuzinyuzi, madini ya chuma, potasiamu na vitamini ya kundi B iitwayo foleti. Pamoja na hayo, punje mbichi ina lektini, kemikali ambayo mmea huitumia kujilinda dhidi ya wadudu. Maharage mekundu ndiyo yanayoongoza kwa wingi wa lektini. Kemikali hiyo hunata kwenye ukuta wa utumbo na kuuchokoza. Punje nne au tano tu zisizoiva zinaweza kumfanya mtu aanze kutapika ndani ya saa moja hadi tatu, kisha kuharisha na kuumwa tumbo. Nchini Uingereza, mwaka 1976, kundi la wanafunzi waliokuwa mapumzikoni waliugua hivyo baada ya kula maharage yaliyolowekwa bila kupikwa. Wengi wanaopatwa na hali hiyo hupona baada ya saa chache, lakini mzee, mtoto au mgonjwa aliyedhoofu anaweza kupungukiwa maji mwilini kwa kiwango cha kuhitaji dripu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba moto mdogo hauondoi sumu hiyo. Maharage yaliyopashwa joto la nyuzi 80 za Selsiasi bila kufikia kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi. Lektini huvunjika katika nyuzi 100, yaani maji yanapotokota. Muda wa chini kabisa unaotajwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni dakika 10 za kutokota. Wengine hushauri dakika 30 ili pasiwe na shaka. Baada ya hapo moto unaweza kupunguzwa mpaka punje ilainike kabisa.

Hapa ndipo bei ya mkaa inapoingia katika somo la afya. Familia inayobana matumizi ya nishati huweza kuepua sufuria mapema, au kufunika maharage kwenye kikapu cha kutunza joto kabla hayajatokota vya kutosha. Kikapu hicho kinafaa sana, mradi maharage yawe yametokota kwanza kwa dakika 30. Kuyaweka humo yakiwa yamepata moto tu ni kuyaacha katika joto lile lisilovunja sumu.

Hatua za kupika maharage nyumbani

Kwanza, kuchambua. Punje zilizooza, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu hutolewa, pamoja na mawe na udongo. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali penye joto na unyevu hugoma kuiva. Ni heri kununua kidogo kidogo kwa muuzaji mwenye mzunguko mzuri wa bidhaa.

Pili, kuosha na kuloweka. Maharage hulowekwa katika maji safi mengi kwa saa zisizopungua tano. Usiku mzima ni desturi nzuri. Kwa kuwa Dar es Salaam ina joto, chombo kifunikwe na kuwekwa mahali pa ubaridi, na maji yakianza kutoa povu na harufu ya uchachu yabadilishwe. Anayesahau kuloweka usiku anaweza kuyachemsha kwa dakika mbili au tatu, kuyaepua, na kuyaacha ndani ya maji hayo kwa saa moja kabla ya kuendelea.

Tatu, kumwaga maji ya kulowekea. Maji hayo hubeba sehemu ya lektini, sehemu ya fitati, inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki, na sehemu ya sukari zile zinazochacha tumboni na kuleta gesi. Vitamini kidogo hupotea pia, lakini faida ni kubwa kuliko hasara.

Nne, kuchemsha katika maji mapya. Maji yakianza kutokota, saa ihesabiwe kuanzia hapo, si kuanzia sufuria ilipobandikwa. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa figo, mchuzi wa kuchemshia usimwagwe, kwa kuwa foleti na madini mengi yamo humo.

Tano, kuunga. Chumvi, nyanya na viungo vyenye uchachu kama ukwaju hutiwa baada ya punje kulainika, kwa sababu uchachu huifanya punje ichelewe kuiva. Tui la nazi huongeza ladha pamoja na mafuta mengi. Mgonjwa wa moyo au mwenye uzito mkubwa atumie tui jepesi, na asilitie kila siku.

Kuhusu magadi, mpishi wengi huyatumia kulainisha maharage na kupunguza muda wa kupika. Ni kweli yanalainisha. Hata hivyo, magadi huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu aliyeambiwa apunguze chumvi, naye akaipunguza kwa uaminifu, anaweza kuwa bado anakula sodiamu nyingi kupitia magadi bila kujua. Mhudumu wa afya anapouliza habari za chumvi, aulize na habari za magadi.

Anayeweza kumudu sufuria la presha atapunguza muda na nishati kwa kiasi kikubwa, na joto lake hupita nyuzi 100. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa familia ambayo bado inatumia mkaa, kuloweka ndiko kubana matumizi kulikokwisha thibitishwa. Kuepua mapema siko. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa ya kabonimonoksaidi haina harufu na huua.

Maharage yaliyochemshwa tayari, yanayouzwa kwa kipimo mitaani, huokoa muda. Mnunuzi avunje punje kati ya vidole: ikiwa kiini ni kigumu au cheupe kama chaki, hayajaiva. Yakifika nyumbani yachemshwe tena mpaka yatokote. Kiporo nacho kisilale mezani. Kihifadhiwe kwenye jokofu, au kama halipo, kipikwe kiasi cha kuliwa siku hiyo tu.

Jamii nyingine za kunde

Choroko, dengu na kunde huiva upesi na lektini yake ni kidogo kuliko ya maharage mekundu, hivyo zinaifaa familia yenye nishati kidogo. Mbaazi huhitaji kulowekwa. Fiwi, hasa zenye punje nyeusi, zina kemikali zinazoweza kutoa sayanidi. Desturi ya wazee ya kuzichemsha na kumwaga maji ya kwanza, hata ya pili, ina msingi wa kisayansi na isiachwe.

Soya inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hutumika katika uji wa watoto. Soya mbichi ina kizuizi cha vimeng'enya vinavyosaga protini tumboni; mtoto anayepewa unga wa soya isiyopikwa hula protini asiyoweza kuifaidi, na huweza kuharisha. Soya itumbukizwe katika maji yanayotokota na kuchemshwa kwa dakika 20 hadi 30, ipoozwe, isuguliwe kutoa maganda, ianikwe mahali safi hadi ikauke kabisa, ndipo isagwe. Uji wake nao uchemke vizuri.

Karanga na mbegu: adui asiyeonekana

Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliielekea chakula chao, kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu, na ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspajilasi unaoshambulia karanga, mahindi na mbegu nyingine, shambani na ghalani, hasa mazao yasipokaushwa vizuri.

Afrika Mashariki inaifahamu sumu hiyo kwa uchungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania, waliugua watu 68, na 20 kati yao wakapoteza maisha. Katika matukio hayo yote chanzo kikuu kilikuwa mahindi, lakini ukungu huo huo huishi katika karanga. Sumukuvu nyingi kwa mara moja huua ini: mgonjwa hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba. Sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini na uchambuzi wa karanga ni sehemu mbili za kinga moja.

Jambo ambalo kila mpishi anapaswa kulijua ni kwamba moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Lektini ya maharage huvunjwa na maji yanayotokota, sumukuvu haivunjwi. Kukaanga hupunguza kiasi tu, wala hakuigeuzi karanga mbovu kuwa salama. Kinga iko katika macho na vidole: karanga zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu, zenye rangi ya kijani au nyeusi, na zenye ladha chungu hutupwa. Zisipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa na ini la mnyama. Zisitengwe kwa ajili ya kusaga.

Hoja hiyo ya kusaga ina uzito. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya chakula. Punje chache zenye ukungu mwingi zinaweza kuuvusha mfuko mzima mpaka huo, na zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Kwa hiyo mama anayetengeneza unga wa lishe anashauriwa anunue karanga nzima, azichambue mwenyewe, azikaange, azisage kwa kiasi kidogo, na azitie kwenye uji wakati wa kupika. Unga uliochanganywa nafaka nyingi pamoja na karanga, ukikaa wiki kadhaa katika joto la Pwani, mafuta yake huchacha na ukungu hupata pa kuishi. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Wingi wa aina hauongezi lishe kama uchambuzi ulikosekana.

Ufuta na mbegu za maboga vina madini na mafuta yanayofaa moyo. Hukaangwa kwa moto mdogo bila chumvi mpaka vinukie, kisha huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko. Korosho mbichi isibanguliwe wala kuchomwa nyumbani bila ujuzi, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na moshi wake huunguza macho na koo.

Karanga na njia ya hewa ya mtoto

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, korosho, wala punje za maharage makavu za kuchezea. Meno ya kusagia hayajakamilika, naye hucheka na kukimbia huku akitafuna. Punje inayoingia kwenye njia ya hewa inaweza kumuua kwa dakika chache. Karanga apewe zikiwa zimesagwa laini ndani ya chakula.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekabwa, asiyeweza kulia wala kukohoa, ainamishwe na kupigwa mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja. Punje isipotoka, akumbatiwe kwa nyuma na kubinywa tumbo kwa nguvu mara tano, juu ya kitovu, kwa kusukuma ndani na juu. Mapigo na mabinyo yabadilishane mpaka punje itoke, huku mwingine akitafuta msaada. Asipoitika na kupoteza fahamu, ufufuaji wa moyo na mapafu uanze mara moja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habinywi tumbo. Hubinywa kifua kwa vidole viwili. Kidole kisiingizwe kinywani kwa kubahatisha. Na mtoto aliyekabwa, akatulia, kisha akabaki na kikohozi au mlio kifuani, apelekwe hospitali hata kama anacheza, maana punje inaweza kuwa imekaa ndani ya pafu.

Matunda: kuosha kabla ya kumenya

Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa zinapofurika Jangwani na mabonde ya jirani, maji machafu huchanganyika na ya mtoni, na hatari ya kuharisha hupanda. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Tunda halizalishi kipindupindu wala homa ya matumbo. Hubeba tu kile kilichokuwa kwenye maji, mikono na kisu.

Wengi huona hakuna haja ya kuosha tunda linalomenywa. Hilo si sahihi. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu la tikiti maji, huvuta vimelea na kuviingiza kwenye nyama ya tunda. Tikiti na papai hazina uchachu wa kutosha kuvizuia, hivyo huongezeka upesi. Utaratibu salama ni huu: mikono ioshwe kwa sabuni, tunda zima lisuguliwe chini ya maji safi yanayotiririka, bila sabuni, kisu na ubao vioshwe, ndipo tunda limenywe. Mahali ambapo maji hayaaminiki, yatumike yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tunda lililokatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto linalozidi nyuzi 32, saa moja. Mwenye kinga dhaifu na mjamzito wanashauriwa kununua tunda zima na kulikata wenyewe.

Vitamini C huharibiwa na moto na hewa. Matunda yaliwe mabichi, yakikatwa karibu na wakati wa kula. Ubuyu na ukwaju ni vyanzo vizuri vya lishe, lakini ubuyu wa kupakwa rangi na sukari ni pipi kuliko tunda; unga mweupe wa ubuyu, ukikorogwa ndani ya uji uliokwisha epuliwa, hutunza vitamini zake.

Kurekebisha maandalizi kwa mgonjwa

Mjamzito na mwenye upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage hufyonzwa kwa shida. Chungwa, embe au kipande cha papai katika mlo huo huo huongeza ufyonzwaji. Chai na kahawa huupunguza, hivyo zinywewe saa moja au mbili baada ya kula. Maharage hayachukui nafasi ya vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki.

Mgonjwa wa kisukari. Maharage huchelewesha kupanda kwa sukari, kwa hiyo yaongezwe huku wali au ugali ukipunguzwa. Yasiongezwe juu ya sahani iliyojaa. Tunda aliruhusiwe lote zima, kiasi cha ngumi moja kwa wakati, badala ya juisi ambayo hukusanya sukari ya matunda matatu au manne na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Juisi ina kazi yake: mgonjwa anayetetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka, akiwa na fahamu, anywe nusu glasi.

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Wengi hukatazwa maharage maisha yao yote. Vidonda hivyo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helikobakta pailori na dawa za maumivu, si maharage. Anayepata gesi aanze na kiasi kidogo cha choroko au maharage yaliyolowekwa na kuiva vizuri, aongeze taratibu. Kinachomuumiza mtu binafsi akiache, lakini asinyimwe protini ya bei nafuu kwa hofu tu.

Mgonjwa wa figo. Huyu ndiye anayehitaji ushauri wa peke yake. Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, nayo ikizidi husimamisha moyo, pengine bila dalili ya awali. Ndizi, parachichi, machungwa, tende na maji ya dafu vina potasiamu nyingi. Nanasi na tofaa zina kidogo, kwa kiasi cha wastani. Maharage yakiruhusiwa na daktari, hulowekwa, huchemshwa katika maji mengi, na maji hayo humwagwa. Potasiamu hupungua, lakini haiishi. Si kila mgonjwa wa figo anayekatazwa. Kipimo cha damu ndicho huamua.

Balungi na dawa. Tunda hilo huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za lehemu, dawa ikazidi mwilini. Anayetumia dawa hizo amuulize mfamasia kabla ya kulila.

Mfano wa mazungumzo ya kliniki

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa ni mzee mwenye kisukari, ambaye vipimo vimeonyesha figo zimeanza kushindwa na potasiamu imepanda.

Muuguzi: Shikamoo, babu.
Mzee: Marahaba, mwanangu.
Muuguzi: Babu, jana mchana ulikula nini?
Mzee: Ugali kidogo, maharage, ndizi mbivu mbili. Na dafu. Jirani aliniambia dafu husafisha figo.
Muuguzi: Jirani alikutakia heri. Ila figo zako sasa haziwezi kutoa madini yaliyomo kwenye dafu na ndizi. Yakizidi, moyo unasumbuka. Hayo maharage nyumbani anapika nani?
Mzee: Mkwe wangu. Anayaloweka, tena vizuri.
Muuguzi: Ameanza vyema. Maji ya kuchemshia anayamwaga?
Mzee: Hapana. Mchuzi ndiyo utamu wenyewe.
Muuguzi: Kwa wengine wa nyumbani mchuzi ni mzuri, usiwakataze. Wewe utolewe yako kando, yaliyomwagwa maji, vijiko vichache, mpaka daktari aone kipimo kijacho. Naomba siku hiyo uje na mkwe wako, nizungumze naye mwenyewe.

Msomaji atambue mambo matatu. Muuguzi aliuliza alichokula mgonjwa kabla ya kutoa ushauri. Hakumdharau jirani. Na alimwita anayepika, kwa kuwa mgonjwa huyu hashiki mwiko.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maharage yaliyowekwa kwenye kikapu cha joto kabla ya kutokota yanaweza kuwa hatari kuliko yaliyoachwa mabichi?
2. Eleza tofauti kati ya lektini na sumukuvu kuhusu athari ya moto, na jinsi tofauti hiyo inavyobadilisha kazi ya mpishi.
3. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu amepunguza chumvi lakini presha haijashuka. Ni swali gani la jikoni linalofaa kuulizwa?
4. Katika nyumba moja wamo mjamzito mwenye upungufu wa damu na mgonjwa wa figo mwenye potasiamu iliyopanda. Panga namna ya kupika sufuria moja ya maharage itakayowafaa wote wawili.

Hitimisho

Maharage huhitaji maji na moto. Karanga huhitaji macho. Matunda huhitaji mikono safi. Mgonjwa huhitaji kipimo chake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomshinda mpishi wa kawaida wa Msimbazi, Buguruni au Magomeni, mradi aelezwe sababu na asipewe amri tupu. Kwa swali la nne, jibu lianze hivi: maharage yalowekwe pamoja, maji yamwagwe, kisha yachemshwe pamoja mpaka yaive, ya mgonjwa wa figo yatolewe, yachemshwe tena kidogo katika maji mapya mengi na kuchujwa kabla ya chumvi na tui, naye apewe tu kiasi alichoruhusiwa, ya mjamzito yabaki na mchuzi wake, na chungwa liwekwe kando ya sahani yake peke yake.